Orodha Iwe Moja: Barua ya Wazi kwa Makanisa na Wazee wa Jumuiya za Wakimbizi

Kwa mapadre na wachungaji,
kwa wazee wa jumuiya za Wakongomani, Wanyarwanda na Warundi,
kwa akina mama wa kamati za misaada,
Muthangari, Kawangware na Kangemi, Nairobi.

Waheshimiwa,

Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linatendeka hadharani, katika nyua za makanisa yetu, na kwa sababu nikimwandikia mmoja wenu peke yake atasema tatizo liko kwa jirani. Ombi langu ni moja. Orodha ya wanaopewa msaada isiandikwe tena kwa kabila wala kwa jumuiya. Iwe moja kwa mtaa mzima, ipangwe kwa shida ya mtu, na daftari lishikwe na watu wa pande zote.

Kabla sijaeleza kwa nini, niwape haki yenu. Goma, mashariki mwa Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari, familia zilizofika Nairobi zikiwa na mfuko mmoja na watoto watatu hazikupokewa kwanza na serikali wala na mashirika makubwa. Mlizipokea nyinyi. Mlitandika magodoro kwenye kumbi za ibada, mkachangisha kodi ya mwezi wa kwanza, mkawasindikiza wageni kwenda kujiandikisha. Utaratibu wa Kenya tangu miaka ya tisini ni kwamba chakula cha mgao hutolewa kambini, Dadaab na Kakuma. Mkimbizi anayekaa jijini hujitafutia. Kwa hiyo huku kwetu, mkimbizi akilala njaa, mlango wa kugonga ni wa kanisa au wa mzee wa jumuiya. Hilo ndilo linalowapa nyinyi nguvu kubwa kuliko mnavyodhani, na ndilo linalonifanya niandike.

Mimi ni mkazi wa Muthangari na husaidia kugawa chakula katika kanisa moja la upande huu. Mnaujua mtaa wetu ulivyokaa: huku mageti ya Lavington, kule mabati ya Kawangware, na ukivuka Waiyaki Way uko Kangemi. Asubuhi Mrundi anapita na ndoo yake ya njugu karanga, mama wa Kivu anapita na vitenge kichwani akibisha geti kwa geti, na jioni wote wanarudi ploti zilezile za kodi nafuu. Choo chao ni kimoja, bomba ni moja, na stima ikipotea inawapotea wote. Huwezi kutambua mpaka wa vita katika ploti hizo. Mpaka huo utauona siku ya kugawa unga.

Nieleze nilichokiona Jumamosi moja. Mezani palikuwa na kaunta buku iliyochorwa kwa rula: jina, namba ya simu, idadi ya watoto, na safu ya mwisho, jumuiya. Nyuma ya meza kulikuwa na unga wa kilo mbili mbili, maharagwe, mafuta ya nusu lita na vipande vya sabuni. Akaja mama mmoja na mtoto mgongoni. Baba yake ni Mufuliiru, marehemu mumewe alikuwa Munyamulenge, na yeye amezaliwa na kulelewa Uvira. Kijana wa daftari akamuuliza, “Mama, uko jumuiya gani?” Akajibu, “Andika Uvira tu, papa.” Kijana akasema Uvira si jumuiya. Mzee wa upande mmoja alikuwa amekwisha kusema huyu ni wa wale. Mzee wa upande wa pili alisema hamjui. Mama akasogezwa pembeni asubiri mpaka wengine waishe, na walipoisha, unga nao ulikuwa umeisha.

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfukuza. Kila mmoja alifuata utaratibu. Hata hivyo, vita vya milima ya Minembwe huko Kivu Kusini, ambako watu wa baba yake na wa mumewe hupigana, karibu kilomita elfu moja kutoka hapa, vilimfikia mama yule kupitia safu ya mwisho ya kaunta buku ya Nairobi.

Najua safu hiyo haikuwekwa kwa ubaya. Mkimbizi huaminiwa na wa kwao: wanajua lugha yake, kijiji chake, na kama kweli ana watoto wanne au ameazima wawili. Ni njia ya mkato. Lakini tumeshaona njia hiyo ilikowafikisha wengine.

Julai 1994, Wanyarwanda wanaokaribia milioni moja walivuka kuingia Goma katika siku chache. Kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu. Mashirika yalihitaji kugawa chakula haraka, na njia nyepesi ilikuwa kuwatumia viongozi waliokuja na watu wao, wilaya kwa wilaya, tarafa kwa tarafa. Basi wale wakuu wa tarafa, ambao baadhi yao ndio waliosimamia mauaji ya kimbari miezi michache nyuma, wakakabidhiwa orodha. Waliongeza majina hewa, wakauza ziada, na aliyetaka kurudi nyumbani kwa amani alijua kwamba akitajwa vibaya jina lake litafutwa. Novemba mwaka huo, tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka kambini, kwa maelezo kwamba msaada ulikuwa umegeuka nguvu ya wauaji. Fikirini: madaktari wanaacha wagonjwa kwa sababu ya namna orodha ilivyoshikwa. Mashariki ya Kongo bado inalipa deni la kambi zile hadi leo.

Miaka kumi baadaye, usiku wa Agosti 13, 2004, katika kambi ya muda ya Gatumba nchini Burundi, karibu na mpaka wa Kongo, wauaji waliingia na kuua zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Banyamulenge. Katika mahema ya jirani, hatua chache tu, walikuwamo Warundi waliorejea makwao. Hao hawakuguswa. Wauaji walijua nani analala wapi, kwa sababu watu walikuwa wamepangwa kwa makundi. Sisemi kaunta buku ya Kawangware ni Gatumba. Nasema kumpanga mtu kwa asili yake ni kumrahisishia kazi yeyote atakayekuja kesho na nia mbaya.

Nairobi yenyewe si mgeni wa mambo haya. Baada ya 1994 jiji hili lilikaa na waliokimbia mauaji na walioyapanga, wakati mwingine katika mtaa mmoja. Julai 1997 ndipo alipokamatwa hapa Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya mauaji ya kimbari. Mei 16, 1998, Seth Sendashonga alipigwa risasi akiwa ndani ya gari lake hapa Nairobi. Huyu alikuwa Mhutu aliyejiunga na chama cha RPF, akawa waziri wa mambo ya ndani mjini Kigali, kisha akatofautiana na wenzake kwa kulalamikia mauaji ya raia. Hakukaa vizuri kwenye safu ya upande wowote. Na karibuni zaidi, Desemba 2023, muungano wa waasi wa Alliance Fleuve Congo, ambao M23 imo ndani yake, ulitangazwa papa hapa Nairobi. Mji huu huu ndio ulioandaa mazungumzo ya amani ya Kongo kuanzia Aprili 2022. Vita hivyo vina ofisi, hoteli na wasemaji Nairobi. Ni vyema viwe na mahali fulani ambapo havina kiti, na mahali hapo ni ua wa kanisa.

Ndugu zangu Wakenya mlio kwenye kamati, msidhani nazungumzia ugonjwa wa wageni. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki na kung’oa zaidi ya watu 600,000. Kiasi cha Wakenya 12,000 walivuka kwenda Uganda wakawa wakimbizi, na baadaye wakahamishiwa Kiryandongo. Huku kwetu, majirani kutoka Kibera na Kawangware walilala Jamhuri Park, pale Ngong Road. Kisha tukaandika orodha. Waliokuwa kambini waliandikwa. Waliokimbilia kwa shemeji na binamu, wale tuliowaita “integreti”, wengi wao walisahauliwa. Mei 2008 serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani na pesa za kuanzia maisha, malalamiko yalikuwa ya kabila: kwamba wale wamelipwa na sisi hatukulipwa. Kidonda cha panga kilianza kupona, tukafungua kingine kwa kalamu, na hicho cha pili kilidumu miaka.

Na Oktoba 27, 2017, siku moja baada ya marudio ya uchaguzi wa urais, Kawangware iliwaka tena. Vibanda vilichomwa na majirani waliopanga foleni ya maji pamoja asubuhi wakakimbiana jioni. Wakimbizi waliokuwa wakiishi katika ploti hizo walijifungia ndani wakasikiliza lugha wasiyoijua ikitumika kwa kazi waliyoijua vizuri. Kwa hiyo tusiwafundishe wageni umoja kana kwamba sisi tuliuhitimu.

Kwa nini nalisema leo? Kwa sababu msaada umepungua, na unapopungua ndipo kila mtu anapomkumbuka wa kwao. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimemaliza mahojiano na vipimo, nyingine zikiwa zimekwisha kuuza vitanda, zikabaki Nairobi bila safari na bila kitanda. Mwaka huohuo mgao wa chakula kambini ulishushwa hadi chini ya theluthi moja ya mgao kamili, kisha familia za Kakuma zikagawanywa kwa madaraja, nyingine zikipewa kidogo na nyingine zikiambiwa zijitegemee. Wanaoweza wanakuja jijini. Mifuko yetu ya unga ni ileile, watu wanaongezeka. Katika hali hiyo, maneno niliyoanza kuyasikia kwenye foleni ni haya: wale ndio waliopelekwa Amerika zamani, waachwe sasa; wale ndugu zao wako na waasi, wana pesa; wale ndio wengi, kila kitu ni chao. Maneno haya hayakutoka kwa watu wabaya. Yalitoka kwa watu wenye njaa wanaotazama daftari.

Sasa niwaombe mambo manne, yote yako ndani ya uwezo wenu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, futeni safu ya jumuiya. Badala yake andikeni ploti anayokaa mtu, idadi ya wanaokula nyumbani kwake, mgonjwa au mjamzito aliyepo, na kama kuna anayeingiza chochote. Anayetaka kuhakikisha aende na mwenzake hadi mlangoni. Ploti za Kawangware haziko mbali. Landilodi au mlezi wa ploti anajua nani hajalipa na nani amepika, kuliko mzee anayekaa Kayole. Na katika orodha hiyo aingie pia Mkenya wa mlango wa pili ambaye watoto wake wanalala njaa. Uganda, ambayo imepokea wakimbizi wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, ina desturi ya kutenga sehemu ya misaada, kiasi cha asilimia 30, kwa wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ni usemi wetu wenyewe, tuutende.

Pili, wenye kushika daftari wawe watu waliochanganyika kwa makusudi. Mama wa Kibembe na mama wa Kinyamulenge wakae meza moja, na Mrundi, na Mnyarwanda, na Mkenya. Wazee watabaki na kazi yao ya kutafsiri, kupatanisha na kuzika. Kazi wasiyostahili kuachiwa peke yao ni kuamua nani ale. Nimewaona akina mama hawa wakitwanga sombe, yaani kisamvu, pamoja kabla ya sherehe ya ndoa. Mmoja anashika mchi, mwingine anapepea moto, wa tatu anabisha kwamba huko kwao Fizi mawese hutiwa mengi zaidi ya hayo, na wote wanacheka kwa sababu kila mmoja ana hakika sombe ya kweli ni ya nyumbani kwake. Walio na hilo pamoja hawashindwi kusimamia mifuko ishirini ya unga.

Tatu, lindeni walio katikati. Mjane wa ndoa ya mchanganyiko, kijana aliyehukumiwa kwa pua na urefu wake, mtu anayesema Kinyarwanda lakini amezaliwa Masisi na babu yake pia. Hawa hawana mzee wa kuwasemea, na vita vinapochacha wao ndio hushukiwa na wote. Wachungaji, Jumapili mkiombea wafu, waombeeni wote kwa pumzi moja: wa Gatumba, na wale zaidi ya 130 waliouawa Kishishe na Bambo, Kivu Kaskazini, Novemba 2022, ambao Umoja wa Mataifa ulisema waliuawa na M23. Kanisa linalotaja kaburi moja na kunyamazia jingine limekwisha kuchagua jeshi. Na zile sauti za WhatsApp zinazozunguka kutoka Kivu na kutoka ughaibuni, zikiwaita watu nyoka na mende, zikifika kwenye kundi la kanisa mzifute na mseme waziwazi kwa nini mmezifuta. Mnajua maneno hayo yalifanya nini redioni mjini Kigali.

Nne, tenganisheni haki na chakula. Nimeambiwa na mzee mmoja ninayemheshimu: “Unataka nimpangie foleni moja mtu ambaye kaka yake alichoma kijiji changu?” Swali hilo ni zito, na sitalijibu kwa kuimba kwamba sisi sote ni ndugu. Ikiwa yupo hapa mtu aliyeua, amani yenu isiwe blanketi la kumfunika. Kambanda hakufichuliwa kwa nyimbo za umoja. Kenya ina Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008, na kuna wanasheria wanaowasaidia wakimbizi bila malipo, Kituo Cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya (RCK) miongoni mwao. Mwenye ushahidi apelekwe huko, asindikizwe, alindwe. Lakini kaka wa mtu si yule mtu, na mtoto wake aliyezaliwa Kangemi hajachoma kitu. Ikiwa kumwona fulani kunamrudishia mtu usiku wa mauaji, mpeni saa yake tofauti ya kuja, au mpelekeeni nyumbani, na mtafutieni mshauri nasaha. Saa ziwe mbili ikibidi. Orodha ibaki moja.

Wako watakaosema kwamba bila jumuiya mkimbizi atapotea, kwamba lugha na ukoo ndiyo mali pekee aliyovuka nayo. Nakubali. Sina ugomvi na jumuiya. Imbeni kwa Kifuliiru, chezeni ngoma za Minembwe, fundisheni watoto majina ya milima yenu. Kabila ni nyumba nzuri ya kukaa. Ninachokataa ni kulifanya kabila kuwa dirisha la kupokelea unga, kwa sababu aliye dirishani huamua nani ni wetu, na baada ya muda mfupi watu hujifunza kuwachukia wale wanaowasababisha kuchelewa.

Kwa makanisa ya upande wa Lavington nina neno fupi. Kila Desemba magari yenu hushuka na nguo na mchele, kila moja kwa mchungaji wake wa kuzoeana, na kila mchungaji kwa watu wake. Mnapanda mbegu za wivu bila kujua. Leteni vitu hivyo mahali pamoja, na muulize swali moja tu kabla ya kushusha: nani anashika daftari? Mkiambiwa ni mtu mmoja, rudini navyo hadi wawe watatu wa pande tofauti. Na zaidi ya mchele, leteni kazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na biashara. Fundi wa kitenge mwenye oda za sare za kwaya hahitaji kuulizwa ni wa jumuiya gani. Anaulizwa zitakuwa tayari lini.

Waheshimiwa, vita vya Kongo hatuvimalizi sisi wa Muthangari. Vimewashinda marais waliokutana Nairobi, Luanda, Doha na Washington. Lakini daftari liko mezani kwetu, na kalamu ni yetu. Naomba kabla ya mgao unaokuja mkutane, wote mliotajwa juu ya barua hii, katika ukumbi wowote utakaokubalika na wote, mje na madaftari yenu yote, na mwondoke na moja. Jina la kwanza kulijaza naomba liwe la mama yule wa Uvira, na mbele yake paandikwe: mjane, watoto wanne, hana kipato, anadaiwa kodi ya miezi miwili. Hayo yanatosha kumpa unga.

Wenu katika utumishi,

Mkazi wa Muthangari